Mpango wa Mkate, Toleo la Nne

Wa kwanza niliuandika kwa kalamu ya bluu, kurasa tatu,
nikaubandika nyuma ya mlango wa stoo
pale tunapotundika aproni.
Swali la juu kabisa: kipi kisisimame?
Muhindo akasema pesa. Masika akasema jenereta.
Kahambu, mikono unga mtupu hadi viwikoni,
akasema: chachu.
Tukacheka.
Nikaandika pesa.

Umeme ukikatika, washa jenereta.
Mafuta yakiisha, kuna bidoni mbili chini ya ngazi,
mbali na macho ya Muhindo.
Mpaka ukifungwa, unga wa Gisenyi usivuke,
mpigie Balume bandarini: magunia arobaini, boti ya Bukavu.
Balume akizima simu, mpigie mkewe.
Mkewe hazimi simu.

Kisha usiku ule wa Jumamosi mbingu ikaiva
upande ambao jua halichomozi wala halitui,
na hakuna aliyesoma ukurasa wa pili.
Nilibeba redio, kiatu kimoja,
na ufunguo wa mlango
ambao kufikia alfajiri haukuwa mlango tena,
ulikuwa jiwe jeusi linalofuka moshi
kama mkate uliosahauliwa.
Mpango uliungua hapo hapo ulipobandikwa.

Siku tisa tulilala Sake, darasani, chini ya meza za watoto.
Nilihesabu hasara kwa chaki ubaoni:
tanuri, mabati, unga,
daftari la madeni
(wadeni wetu waliliomboleza wakitabasamu).
Kahambu hakuhesabu kitu.
Alifungua fundo la kikwembe
akatoa kopo la maziwa, kifuniko kimetobolewa kwa msumari,
na ndani yake kitu cha kijivu, kikipumua.

Ile ile. Ya mama yake, ya Butembo.
Barabara nzima, katikati ya magodoro na mbuzi na vilio,
alikuwa akiilisha unga kidogo, maji kidogo,
kama anayenyonyesha.
"Nyingine iko Himbi kwa shemeji," akasema.
"Nyingine kwa masista.
Sikukuambia.
Uliandika pesa."

Siku ya kumi na mbili tulioka mikate sitini
katika pipa lililopasuliwa, juu ya mawe ya mlima,
yale yale, bado yana vuguvugu.
Chukudu ikaipeleka Majengo
ikarudi tupu kabla hatujafuta jasho.
Mteja wa kwanza hakuuliza bei.
Alinusa. Akasema:
"Kumbe mpo."

Sasa ni toleo la nne, ukurasa mmoja na nusu.
Nakala ziko katika nyumba nne, moja Bukavu.
Kila jina lina jina la pili ubavuni:
Muhindo akiugua, Masika;
Masika akijifungua, Balume, Mungu atusaidie.
Kila miezi mitatu napiga debe bila taarifa
na kila mtu anaonyesha alichokimbia nacho.
Mara ya mwisho kijana mpya alishika aproni.
Hawakumcheka mbele yangu.
Wanakijua kile kiatu.

Mstari wa kwanza si mwandiko wangu.
Nilimpa Kahambu kalamu, akaandika neno moja,
herufi kubwa, zimelalia upande.

Lakini ubavuni mwa jina lake
pamebaki peupe.
Nimemuuliza mara tatu: nani wa pili wako?
Anakanda tu. Anasema hii haifundishwi kwa karatasi,
hufundishwa kwa kidole.

Jana alimwita binti wa Masika, miaka kumi na moja,
akamshika mkono, akauzamisha beseni.
"Unasikia nini?"
Mtoto akafumba macho. Akakaa.
Nje lori likapita, vikombe vikatetemeka,
sote tukatazama mlimani kwanza, kama kawaida,
yeye hakutazama.
"Inasukuma," akasema.

Nikaandika jina lake.
Kwa penseli.